Mkikagua jaketi, kagueni na kamba ya nanga

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako barua ya msomaji anayetaka kila abiria wa boti huku Lamu avae jaketi la kuokoa maisha, na kila nahodha asiyekuwa nayo azuiwe kuondoka. Namuunga mkono. Wanangu hawapandi boti bila jaketi, hata ikiwa ni kuvuka tu kwenda Manda uwanja wa ndege. Lakini kila inapotokea ajali pwani hii maneno huanzia kwenye jaketi na hukomea kwenye jaketi. Jaketi ni la mtu aliyekwisha kuingia majini. Mimi nataka kuzungumza juu ya boti ambayo bado inaelea, mashine imezima, watu wamekaa kimya wakimtazama nahodha, na maji yanawachukua.

Ni fundi wa mashine za boti, Langoni. Kazi hii niliianza mwaka 1994 kwa kumshikia spana fundi aliyenifunza, Mungu amrehemu, na mpaka leo sijaiacha. Mashine nilizozifungua siwezi kuzihesabu. Nikiambiwa boti fulani imepotea au imevunjika kwenye mwamba, jambo la kwanza ninalouliza ni hili: ilikuwa na nanga, na nanga ilikuwa na kamba ya pima ngapi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa)? Mara nyingi anayenipa habari hunitazama kama niliyeuliza jambo lisilohusu.

Juni 1998, kusi limechachamaa, nilipanda boti hapa mjini kwenda Faza kutengeneza mashine ya mtu. Tulikuwa abiria 19, magunia ya unga na sukari, na mbuzi wawili. Tulichelewa kuondoka, kwa hiyo tulipopita mkondo mwembamba wa Mkanda maji yalikuwa yameshaanza kupwa, na ilikuwa ni bamvua, siku za maji kupanda na kushuka sana. Tukatokea kwenye ghuba, Mtangawanda tunaiona mbele yetu. Hapo mashine ikapanda sauti, ikashuka, ikapanda tena, ikazima.

Nahodha alikuwa kijana hodari, mtoto wa bahari. Akafungua kofia ya mashine, akaanza kuvuta kamba ya kuwashia. Akavuta, akavuta, mpaka shati likamganda mgongoni. Mimi nami nikainama pale pale, nimetoa spana, nafungua plagi. Vichwa vyetu viwili vimo ndani ya mashine na hakuna hata mmoja aliyetazama nje. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, yanatubeba kuelekea mlangoni, kati ya Manda na Pate, kule mawimbi ya bahari kuu yanakovunjika.

Omo, yaani mbele ya boti, alikuwa amekaa mzee mmoja aliyemaliza umri wake kwenye majahazi. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwanangu, mashine itangoja. Tiya nanga." Nahodha hakumsikia. Mzee akainuka mwenyewe, akainua mbao za omo, akaitoa.

Ilikuwa nanga ya vidole vinne, ya nondo, kazi ya wachomeleaji wetu. Kamba yake ilikuwa vipande vitatu vilivyoungwa, viwili vya plastiki ya kijani na kimoja cha katani kilichoanza kuoza. Jumla pima saba. Chini yetu palikuwa na pima nne na ushei. Mzee akaitupa, kamba ikaenda wima kama uzi wa bildi, ile risasi ya kupimia kina, ikakaza. Tuliokuwa tumeishika tukaisikia nanga mikononi mwetu: inadunda chini, inaruka, inadunda, inaruka. Haikushika kitu. Mzee akasema kamba ni fupi. Tukafungua kamba za magunia, tukaunga. Tukafungua na kamba za mbuzi, tukaunga. Mbuzi wakashikwa na wenyewe mapajani. Tulipofika kama pima 15 kamba ikalala, boti ikageuza omo ikatazama mkondo, maji yakaanza kulia ubavuni. Nikatazama pwani ya Manda. Ile mikoko iliyokuwa ikitupita ilikuwa imesimama.

Hapo ndipo nilipoitazama mashine kwa macho ya fundi. Kile kibofu cha mpira kilicho katikati ya mpira wa mafuta kilikuwa kimenywea, pande mbili zimegandana. Nikafungua kifuniko cha tangi la petroli, kikavuta pumzi, fyuu, kila mtu akaisikia. Ile skrubu ndogo ya kupumulia juu ya kifuniko ilikuwa imefungwa. Usiku uliotangulia ilinyesha mvua, mtu akaifunga ili maji yasiingie kwenye petroli, na alifanya sawa. Asubuhi hakuna aliyekumbuka kuifungua. Mashine ilinyonya petroli mpaka ndani ya tangi pakawa hapana hewa, ikashindwa kuvuta zaidi. Nilifungua skrubu, nikakiminya kibofu mpaka kikawa kigumu, nahodha akavuta mara mbili, ikawaka.

Kosa lile halikuhitaji shilingi hata moja, Bwana Mhariri. Lilihitaji dakika kumi za utulivu, na dakika hizo tulipewa na kamba za mbuzi. Tangu siku ile kila mwanafunzi anayeingia karakana yangu namfundisha jambo moja kabla hajashika spana: mashine ikizima, nanga kwanza. Kina kikiwa kirefu mno nanga isifike chini, iache hivyo hivyo ining'inie, kwa kuwa utakapofika penye kina kifupi itashika wakati wewe umeinama kwenye mashine.

Watu wanadhani mashine huzima kwa ugonjwa mkubwa. Kwa niliyoyaona mimi, nyingi hazizimwi na pistoni wala gia. Zinazimwa na petroli chafu, hewa kwenye mpira wa mafuta, plagi iliyolowa, au klipu nyekundu ya kuzimia iliyochomoka bila mtu kujua. Nimeitwa Shela usiku, nimevuka na mkoba wa vyombo, nikakuta klipu iko chini ya miguu ya abiria. Kile kibofu kinaweza kumwambia nahodha mengi kabla hajagusa spana. Kikinywea, tangi halipumui au kuna kilichoziba upande wa tangi. Kikibaki laini kila ukikikamua na hakikazi kamwe, kuna hewa inaingia mahali, mara nyingi kwenye kiungio cha mpira, au petroli imekwisha. Kikikaza na mashine bado haiwaki, mafuta yanafika, basi nenda kwenye klipu na plagi.

Petroli yetu wengi huvushwa kwa mitungi, humiminwa gizani, na mitungi hiyo hiyo kesho hubeba kitu kingine. Maji yakiingia hayachanganyiki na petroli, hukaa chini ya tangi, na chini ndiko mpira unakonyonya. Chukua chupa nyeupe, mimina petroli kidogo kutoka chini ya mtungi, iache itulie, uitazame kwenye mwanga. Utaona mstari. Hiyo ni kazi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Na oili: mashine hizi za kuchanganya oili na petroli, ikiwa kitabu chake kinasema 50 kwa 1, basi lita 25 za petroli zinataka nusu lita ya oili, ipimwe kwa chupa, si kwa jicho. Na iwe oili yake, yenye maandishi ya TC-W3. Oili ya pikipiki ni ya mashine inayopozwa na upepo. Hii yetu inapozwa na maji ya bahari, haipati moto ule, na oili isiyokuwa yake inaacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni jambo la mchanga, kwa sababu ni ugonjwa wa visiwa hivi. Ndani ya mguu wa mashine kuna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, dogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Hilo ndilo linalopandisha maji ya kupoza. Nahodha akipita maji mafupi wakati wa kupwa, akasukuma kwa mashine badala ya upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, impela inanyonya mchanga na tope. Mchanga unasaga mabawa. Siku moja ule mshipa mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine unakuwa dhaifu, unakatikakatika, na nahodha anasema "leo imeziba kidogo". Haijaziba kidogo. Inakufa. Ukiona hivyo zima, inua mashine, tazama pale maji yanapoingilia, huenda ni karatasi ya nailoni imejibandika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 lakini bahari bado ina vipande vyake. Kama hakuna kitu, impela ibadilishwe kabla ya safari nyingine. Bei yake haifiki nauli za safari moja ya boti iliyojaa kwenda Faza. Mashine iliyoungua kwa kukosa maji, hesabu yake kila tajiri wa boti anaijua. Tena, msiwashe mashine nchi kavu "kuisikiliza tu". Impela hulainishwa na maji yenyewe, ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi mabawa huungua.

Mwaka huu baada ya Idi mvuvi mmoja aliniletea mashine ya nguvu za farasi 40. Alisema gia zinalia. Niliweka karai chini ya mguu, nikafungua skrubu ya chini kisha ya juu. Oili ya gia hutoka rangi ya asali iliyokoza. Iliyotoka ilikuwa nyeupe, nzito, kama chai iliyozidi maziwa. Hayo ni maji ya bahari ndani ya gia. Nikatoa rafadha, yaani propela, na nyuma yake, kwenye shafti, nikakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha mara nyingi sana, umebana na kuingia mpaka kwenye sili, umeikata kama wembe. Niliutoa kwa kisu kidogo, uzi baada ya uzi, yeye amesimama ananitazama. Meno ya gia yalikuwa yamekwisha kuota kutu na mawili yamemeguka. Alisema mshipi ulimnasa tangu mwaka jana, akaukata ulioonekana, akaendelea na kazi. Kutoa rafadha ni pini moja na nati moja. Angefanya hivyo siku ile, akapaka grisi mpya kwenye shafti, angekwenda kuvua kesho yake. Sikumgombeza. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, ameshika kichwa, ana watoto watano.

Kuosha mashine kwa maji matamu nitataja kwa ufupi kwa sababu kila mtu analijua na wengi hawalifanyi. Pipa moja, mguu uzame mpaka juu ya pale maji yanapoingilia, gia huru, dakika kumi. Najua maji matamu ni ya kununua mtaani kwetu. Chumvi iliyokauka ndani ya njia za maji ni ghali zaidi. Na vile vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu visipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine, vikifika nusu vitolewe viwekwe vipya.

Sasa narudi kwenye nanga. Nimetembea gati la Mokowe na la hapa mjini nikatazama omo za boti za abiria, si mara moja. Boti nyingine nanga ipo lakini imeota kutu na mnyororo hauna. Nyingine kamba ipo lakini mwisho wake haukufungwa popote. Ukiitupa kwa haraka, nanga na kamba zote zinakwenda zao. Nyingine nanga imefungwa tezi, yaani nyuma, karibu na mashine, eti ni rahisi kuifikia. Hilo ni hatari kubwa. Tezi ndipo palipo chini na ndipo penye uzito wa mashine. Ukiifunga boti kwa tezi ikapokea mawimbi, inaingiza maji, inajaa, inazama ikiwa imefungwa. Kamba ya nanga ifungwe omo, na omo peke yake.

Na urefu. Nahodha akiniambia kamba yake inafika chini, namuuliza, inafika chini mara ngapi? Nanga haishiki kwa uzito wake, inashika kwa kuvutwa ikiwa imelala. Ukiivuta wima unaing'oa. Kwa siku ya kawaida kamba iwe mara tano ya kina, au hata saba, na kwenye dhoruba izidi hapo, na kina ukipime kuanzia juu ya omo, si kuanzia juu ya maji. Hapa Lamu bamvua hupanda na kushuka kama mita 3. Mtu ametia nanga maji yamepwa, kina mita 4, omo mita moja juu ya maji, akatoa mita 25 za kamba. Ni mara tano kamili, amelala. Baada ya saa sita chini yake pana mita 7, pamoja na omo ni mita 8, na kamba yake sasa haifiki hata mara tatu na nusu. Upepo ukiongezeka nanga inakokota, naye anaota ndoto. Alihitaji mita 40.

Nanga ya nondo ni nzuri penye mwamba, na inapojipinda ndivyo inavyookoka kwenye mawe. Kwenye mchanga na tope inapita kama kijiko kwenye uji. Boti inayokwenda huku na huku iwe na nanga ya pili, yenye majembe mapana yanayochimba. Kati ya nanga na kamba pawe na mnyororo, angalau urefu wa boti yenyewe; unailaza nanga, na mawe yanasugua chuma badala ya kukata kamba. Pini ya kiungio cha mnyororo ifungwe kwa waya isijifungue yenyewe kwa kutikisika. Kamba iwe ya nailoni, inayozama na kuvutika kidogo wimbi linapopiga. Ile ya plastiki ya kijani inaelea, inajipeleka yenyewe kwenye rafadha, na jua la miezi michache linaifanya iwe unga mikononi. Isugueni muone.

Kila nisemapo haya huambiwa ajali haina kinga. Sikubali. Ipo ajali isiyo na kinga na Mungu ndiye ajuaye, lakini skrubu iliyofungwa ina kinga. Mshipi kwenye shafti una kinga. Kamba ya pima saba ina kinga.

Najua pia mzigo uko wapi. Manahodha wengi si wenye boti. Jioni tajiri anataka hesabu yake, ametoa petroli, na petroli ndiyo anayoijua. Kijana akisema anahitaji mita 40 za kamba ya nailoni na mnyororo, anaambiwa subiri msimu. Kwa hiyo maneno yangu ya kwanza ni kwa matajiri: kamba na impela ziingizeni kwenye hesabu kama mnavyoingiza petroli, msiwaachie vijana wachague kati ya kamba na chakula cha nyumbani.

Ya pili ni kwa wakaguzi wa vyombo. Nimewaona wakifanya kazi, wanahesabu jaketi, wanatazama karatasi, na ni haki yao. Naomba waongeze robo saa. Wamwambie nahodha atoe nanga pale pale gatini na kamba yote ilazwe chini ipimwe. Watazame kama mwisho wake umefungwa kwenye boti, na umefungwa omo. Waombe mashine iwashwe, wautazame ule mshipa wa maji unatoka vipi. Waulize iko wapi plagi ya akiba, spana yake, na kamba ya akiba ya kuwashia. Boti isiyo na kamba isiondoke, kama ile isiyo na jaketi.

Na abiria wenzangu, hasa akina mama mnaokwenda Pate, Siyu na Kizingitini kila wiki na biashara zenu: mnapoingia botini ulizeni nanga iko wapi. Kuuliza si utovu wa adabu. Nahodha mwenye nanga nzuri atafurahi kuionyesha.

Upande wangu, kuanzia Ijumaa ijayo, baada ya sala, karakana iko wazi kwa nahodha yeyote bila malipo. Nina mashine moja mbovu ya kufungulia na pipa la maji. Aje na kamba yake ya nanga, tuilaze barazani tuipime. Kamba ya mbuzi ninayo moja ya siku ile, nimeitundika ukutani juu ya meza ya kazi. Mwenye mbuzi alinipa tulipofika Faza.

Fundi wa mashine za boti,
Langoni, Lamu